Mzee Aliyeungua Kabla ya Ukurasa wa Kwanza

Mama alikinunua kitabu hicho soko la Kibuye, Jumapili moja alipomaliza mapema kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, na alikinunua kwa sababu kilikuwa kinene. Mwalimu wangu wa Kiingereza alikuwa amemwita shuleni kumweleza kwamba binti yake ana akili ila Kiingereza chake kinachechemea, na mtihani wa darasa la nane uko mlangoni. Mama mwenyewe alikuwa ameachia shule darasa la pili. Kwa hiyo alimwendea bwana mmoja wa kutoka upande wa Kakamega, aliyepanga vitabu na majarida ya mitumba juu ya gunia, akamwomba kitabu cha kumfaulisha mtoto Kiingereza, kama mtu anavyoomba dawa ya minyoo.

"Hii ndiyo dawa yake," bwana huyo akamwambia. "Lakini hii ni ya pili. Mtoto yako amefika wapi?"

"Darasa la nane."

"Basi hiyo iko sawa kabisa. Ile ya kwanza ni ya wale hawajui kitu. Ungempea hiyo ingemrudisha nyuma."

Mama alinisimulia mazungumzo hayo kwa fahari, akanikabidhi kitabu kikiwa bado kinanuka omena. Juu ya jalada palikuwa na joka jekundu lenye mabawa, limetua kwenye mnara, na chini yake kijana mwenye nywele za rangi ya ndevu za mahindi amenyoosha upanga. Kwa herufi za dhahabu zilizobanduka iliandikwa kwamba hicho ni kitabu cha pili.

"Huyo nyoka anafundisha nini?" Mama akauliza.

"Kiingereza," nikamjibu, naye akaridhika.

Ubaya wa kitabu cha pili ni kwamba kinakuchukulia kama mtu wa nyumbani. Hakuna anayekusalimu wala kukuonyesha pa kukaa. Watu wanaingia na makovu ambayo hukuwapo walipoyapata, wanamchukia malkia ambaye hujaambiwa amekosa nini, na kila mmoja anakukumbusha jambo ambalo hujawahi kulijua. Yule kijana wa jaladani alikuwa amelelewa na mzee mmoja mfuga majoka, mtu mpole mwenye uchawi mwingi na ndevu nyingi zaidi, lakini nilipofungua ukurasa wa kwanza mzee huyo alikuwa ameshakufa. Alikuwa amejitupa ndani ya moto mwishoni mwa kitabu kilichotangulia ili kijana apate kukimbia, na hakikupatikana hata kifungo cha joho lake. Nilikasirika. Nilikuwa nimealikwa kwenye matanga ya mtu ambaye hatukuwahi kuamkiana.

Majina yao nayo yalinishinda. Yalikuwa na konsonanti zilizobanana hadi pumzi haipiti, kwa hiyo niliyatupa yote nikabaki na Kijana, Mzee, Joka na Malkia. Sikuona kama kuna kilichopotea.

Tuliishi ufukweni mwa ziwa, mwendo wa saa moja hivi kutoka Kisumu, katika boma la bibi yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Dani kama Waluo wanavyomwita bibi. Nyumba ya Dani ilikuwa upande wa juu, ya Mama upande wa chini, na mimi nililala kwa Dani kwa sababu kwa Mama kulikuwa kunavuja. Mama hakuamini usomaji wa kimya. Mtu akikaa na kitabu bila kutoa sauti, alisema, nani ajuaye kama anasoma au amelala macho wazi? Akaamuru nisome kwa sauti kila alasiri nikitoka shule. Kwa kuwa yeye alikuwa sokoni, Dani akateuliwa msimamizi.

Dani hakujua neno la Kiingereza na macho yake yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Aliketi barazani na ungo wa maharagwe, akitafuta vijiwe kwa ncha za vidole, huku mimi nikimsomea habari za minara na mapanga. Siku mbili alinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni wa heshima kanisani asiyejulikana anasema nini. Siku ya tatu akasimamisha vidole.

"Hao watu wanagombania nini?" akauliza. "Siwezi kusimamia kazi nisiyoielewa."

Basi nikawa nasoma sentensi kwa Kiingereza, kwa ajili ya mtihani, kisha naisema kwa Dholuo, kwa ajili ya Dani. Leo nayasema haya kwa Kiswahili, kwa hiyo lile joka limevuka mipaka miwili bila pasipoti.

Tatizo la kwanza lilikuwa joka lenyewe. Sikuwa na neno lake, nikasema ni chatu mwenye mabawa. Dani akaweka ungo chini. Chatu kwetu si wa kufanyiwa mchezo. Akitokea karibu na boma wakati wa kiangazi, hafukuzwi kwa mawe. Anachinjiwa kuku, watoto wanaambiwa wapite mbali, na wakulima wanaanza kuangalia mawingu.

"Alikuja na mvua?" Dani akauliza.

"Alikuja na moto."

"Walimfanya nini kwanza?"

Hilo lilikuwa katika kitabu cha kwanza. Nikasema sijui.

"Walimkosea," akasema Dani, akauchukua tena ungo wake. Tangu siku hiyo alikuwa upande wa joka, na kila Kijana alipochomoa upanga, Dani aliguna.

Tatizo la pili lilikuwa Mzee. Nilipomweleza kwamba aliungua akaisha, Dani aliinamisha kichwa kwa heshima ya marehemu, kisha akauliza swali ambalo mwandishi wa kitabu hakuwa amejiandaa kulijibu.

"Walizika nini?"

"Hakukuwa na kitu cha kuzika. Walisimamisha jiwe."

"Jiwe," akasema Dani. "Na yago je?"

Yago ni tunda la mti unaoota kando ya mito, refu, zito, la kijivu, ukilibeba mikononi unadhani umebeba mtoto aliyelala. Mtu wetu akizama ziwani asionekane, au akifia mbali na mwili wake usipatikane, jamaa hutafuta yago, wakalivika nguo zake, wakalilia kilio kamili na kulizika ndani ya boma lake. Likishafukiwa, aliyekufa ametulia na waliobaki wana ruhusa ya kuendelea na maisha. Kila mtu ufukweni alijua hivyo. Dani hakuweza kuelewa watu wenye ngome na farasi wangewezaje kukosa akili hiyo.

Kwa hiyo kitabu kizima kikawa wazi kwake kuanzia ukurasa wa tisa. Kijana alimwota Mzee amesimama mlangoni bila kusema neno. Watu wenye hekima wa kitabuni walizifasiri ndoto hizo kwa kurasa kumi na mbili, Dani alizifasiri kwa sentensi moja. Uchawi ulianza kuwaishia mikononi kama sabuni, ni yago. Farasi alikufa njiani, rafiki akasaliti, Malkia akateka daraja; yago, yago, yago. Walipoanza kupanda mlima wa barafu kutafuta chanzo cha mkosi wao, Dani alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha kichwani.

"Wanapanda kwenda wapi?" akasema. "Dawa iko chini, mtoni."

Nami nilicheka naye, lakini si kwa raha, kwa sababu ndani ya boma letu namo mlikosekana kaburi moja.

Baba alikuwa dereva wa trekta la kukokota miwa Muhoroni. Nilipokuwa na miaka minne mtu alimwambia kwamba Uganda wanatafuta madereva na mshahara ni mzuri, akaenda. Zikaja barua mbili. Kisha vikaja vita, na barua ya tatu haikuja. Waliorudi kutoka huko kila mmoja alikuwa na hadithi yake. Mmoja alimwona akipanda lori, mwingine alisikia kwamba lori hilo halikufika, mwingine alikunywa naye chai katika mji ambao wa nne alisema haukuwa na mtu tena. Ilikuwa imepita miaka tisa. Baba mkubwa, kaka yake Baba, aliyekuwa akiuza mahindi Sondu, alikuwa amekuja mara nyingi na wazee wa ukoo kumsihi Dani akubali yago lizikwe. Mama aliyemzaa mtu akisema mwanangu yu hai, hakuna wa kushika jembe. Na Dani alisema mwanangu yu hai.

Aliyeumia ni Mama. Alikuwa na miaka thelathini na miwili na hakuwa mke wala mjane. Nguzo za nyumba yake zilikuwa zimeliwa na mchwa, na nyasi za paa zimeoza, lakini kwa desturi yetu hangeweza kujengewa nyumba mpya wakati mume wake hajulikani aliko. Angejengewa na nani, na kwa jina la nani? Mume akizikwa, shemeji angeweza kuja na fundi hata kesho. Kwa hiyo Mama alilala kati ya mabeseni, mvua ikinyesha alijua kila tone linaangukia wapi. Hakuwahi kumlaumu Dani. Alimpikia, alimwogesha miguu, na mambo hayo mawili, Baba na nyumba, hayakutajwa kati yao kamwe.

Sikuwa na haki ya kuyataja mimi. Kitabu ndicho kilichoyataja.

Ilikuwa sura ya kumi na kitu. Kijana na wenzake wamepiga kambi chini ya mwamba, na kama ilivyokuwa kawaida yake, akapakua bakuli moja zaidi la mchuzi na kuliweka upande wa pili wa moto, mahali ambapo Mzee angeketi. Niliifasiri sentensi hiyo bila kufikiri. Nilikuwa nimeshaimaliza ndipo niliposikia nilichosema. Kila Jumapili Dani alimwekea Baba kichwa cha ngege, samaki aliyempenda, katika bakuli lililofunikwa sahani, akaliweka juu ya rafu. Kila Jumatatu paka alikuwa akinenepa kwa jina la Baba.

Vidole vya Dani vilisimama ndani ya maharagwe.

"Rudia," akasema.

Nikarudia, kwa sauti ndogo.

"Mtoto mjinga," akasema. Nikaanza kufungua ukurasa unaofuata, akanizuia. "Nani anakula hicho chakula?"

"Haikuandikwa, Dani."

"Kuna paka," akasema Dani. "Lazima kuna paka."

Siku hiyo hatukuendelea kusoma. Jumamosi Baba mkubwa alipofika na gunia lake la mahindi, Dani alimwita barazani, na mbele yangu akamwambia hivi: ngoja nisikie huyo mtoto wa chatu anafanyaje mwishoni. Wakizika yago, na mtoto akalala usingizi, na mambo yao yakanyooka, nami nitasema neno.

Baba mkubwa alikuwa amebembeleza miaka tisa. Alikuwa ameleta wazee wa ukoo, katekista, na mara moja mbuzi. Sasa aliambiwa kwamba shauri lote limewekwa mikononi mwa msichana wa darasa la nane na kitabu cha nyoka. Aliutazama ule mnara wa jaladani kwa muda mrefu. Yeye alikuwa amefika kidato cha pili, kwa hiyo alijiona mtu wa vitabu.

"Imebaki kurasa ngapi?" akaniuliza.

"Mia na kumi."

"Soma, mama," akasema kwa upole ambao hajawahi kunionyesha tena. "Soma tu. Mambo ya kuteka maji waachie wengine."

Hivyo nikawa mtu mkubwa nyumbani. Nilisamehewa maji, kuni na kuosha sufuria. Mama, ambaye kwa wiki tatu alikuwa akinihimiza nisome haraka, sasa alisema nisome polepole nisije nikakosea. Jioni moja nilimkuta amekishika kile kitabu mwenyewe, anakipindua huku na huku, kama mtu anayepima samaki kwa mkono. Alinirudishia bila neno. Nilimpenda sana wakati huo na nilimwogopea, kwa sababu niliona ameanza kutumaini.

Kwa hiyo niliamua kusoma mbele, peke yangu, ili nijue tunaelekea wapi. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, nimekaa nyuma ya ghala la mtama. Kijana alimshinda Malkia kwa namna ambayo sikuielewa vizuri, maana ilitegemea pete fulani ya kitabu cha kwanza. Nikafika ukurasa wa mwisho. Moshi unatawanyika, watu wanahesabu majeruhi, na mtu mmoja mwembamba anakuja akitembea kutoka kwenye majivu, ndevu zimeungua upande mmoja, anaegemea fimbo. Wote wanamtazama. Naye anasema, "Nimechelewa, lakini nimefika." Ni Mzee. Hakuwa amekufa. Kisha kuna mstari mmoja wa kutangaza kwamba yaliyobaki yako katika kitabu cha tatu.

Nililia kwa furaha. Naandika hivyo wazi kwa sababu baadaye watu walisema sina machozi. Nilisimama nikimbie kwa Dani. Nilishakuwa mbele ya ghala, kitabu mkononi, nilipomwona Mama ameinama mbele ya nyumba yake anaegemeza gogo jipya kwenye nguzo iliyolala, kwa sababu mvua za vuli zilikuwa zinakaribia. Nikarudi nyuma ya ghala nikakaa.

Nilimchukia mwandishi yule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Huko kwake bila shaka kuna paa zuri. Alikuwa amemfufua mzee wa watu kwa kuwa tu alikuwa na kitabu cha tatu cha kuuza, na hakufikiria hata kidogo nani atasoma na wapi. Nikimwambia Dani ukweli angenunua bakuli kubwa zaidi. Angengoja miaka mingine tisa akiwa na ushahidi wa maandishi. Na kulikuwa na jambo jingine, baya zaidi, ambalo sikuwa na wa kumwambia. Nilikuwa nimeuona ukurasa huo, na moyo wangu mimi mwenyewe ulikuwa umeshafika barabarani kumpokea mtu ambaye hata sura yake siikumbuki.

Jumanne tulimaliza. Mama alirudi mapema kutoka Kibuye, akiwa na nusu beseni ya omena ambayo hakuiuza. Baba mkubwa alikuja kutoka Sondu akiwa amevaa kofia ya kanisani, akaketi kwenye kiti karibu yangu, karibu kuliko nilivyopenda. Dani hakuleta ungo. Nilifungua ukurasa wa mwisho, nikaweka kiganja juu ya mistari ya chini, nikaanza kusoma Kiingereza ambacho hakikuwapo. Kilikuwa kibovu, lakini Baba mkubwa, mwenye kukijua, aliniacha niendelee. Halafu nikafasiri.

Nikasema Kijana aliteremka mlima peke yake hadi mtoni, akakuta mti wa yago.

"Ulaya kuna yago?" akauliza Dani.

"Kulikuwa na mmoja."

"Mmoja unatosha. Endelea."

Nikasema alichuma tunda refu kuliko yote, akalifunga katika joho kuukuu la Mzee, akalibeba hadi nyumbani kwa Mzee, si kwake yeye, kwa Mzee.

"Vizuri," akasema Dani. "Nani alitoa kilio cha kwanza?"

"Joka."

Hilo lilimpendeza sana. Alitikisa kichwa mara mbili tatu. Nikasema walilizika kabla ya jua kuzama, watu wote wakalia, hata wale waliokuwa wamesaliti, na usiku huo Kijana akalala usingizi bila kuota. Asubuhi uchawi ukamrudia. Baba mkubwa aliinama kidogo kuangalia kitabu, na kiganja changu hakikuwa kikubwa kama uongo wangu. Alitazama ukurasa kwa muda wa kuvuta pumzi moja au mbili. Kisha akakaa sawa, akageuza uso, akawa anaangalia ziwa.

"Na Mzee?" akauliza Dani.

"Mzee akatulia."

"Hakusema kitu?"

Kidole changu cha shahada kilikuwa juu ya maneno yenyewe. Nimechelewa, lakini nimefika.

"Hakusema kitu, Dani."

Dani aliketi akiwa amefunga macho. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Mwishowe Dani alishika goti langu kama tegemeo akainuka, akamwambia Baba mkubwa, "Kesho mtafute yago," akaingia ndani.

Baba mkubwa alilipata kando ya mto huko Sondu. Alilileta juu ya gunia, amelifunika asije akaulizwa njiani. Wanawake walilivika koti la khaki ambalo Baba aliliacha alipoondoka, wakalifunga vifungo vyote hadi shingoni, mahali ambapo lingekuwa na shingo. Katekista, aliyekuwa ameonya Jumapili mbili mfululizo kwamba Maandiko hayataji tunda lolote la namna hiyo, alihudhuria kama jirani. Alipoombwa aongoze maombi, aliwaombea wote waliosafiri mbali, sala ambayo hakuna askofu angeweza kuikosoa, kisha akakaa karibu na masufuria. Dani alilia. Kilikuwa kilio cha miaka tisa kilichowekwa akiba, na kilitisha, hata mbwa walitoka bomani. Mama naye alilia, lakini kwa namna nyingine, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo na bado hajaamini mabega yake.

Mzaliwa wa kwanza ndiye aliyetupa udongo wa kwanza, nami ndiye niliyekuwa mzaliwa huyo. Nilitupa. Macho yalikuwa makavu kabisa. Nilisikia shangazi mmoja akinong'ona kwamba mtoto huyu ana moyo mgumu, na kweli ilionekana hivyo, kwa sababu kila mtu alikuwa ameelekea kaburi na mimi nilikuwa nimeelekea barabara. Kati ya watu wote waliokuwapo, mimi peke yangu nilijua ukurasa wa mwisho unasemaje. Labda na Baba mkubwa, lakini hatukuulizana hadi alipofariki.

Kabla ya Krismasi Mama alikuwa na nyumba ya mabati. Mvua ya kwanza ilipoipiga alikaa macho, si kwa shida, bali kwa kusikiliza. Dani aliacha kuweka kichwa cha samaki na akasema analala vizuri. Nilifaulu Kiingereza, Mama akampa kitabu sifa zote, akawa anawaelekeza wanawake wenzake wa Kibuye kwa yule bwana wa gunia: wamwombe cha nyoka, na wahakikishe ni cha pili. Kila mtu alipata alichokihitaji, na kila nilipopitia hesabu hiyo sikuona kosa langu liko wapi. Nilijisikia mwizi hata hivyo.

Miaka kadhaa baadaye, tukiwa tayari katika miaka ya tisini, nilikwenda Kisumu kuomba nafasi katika chuo cha ualimu. Kulikuwa na foleni ndefu na fomu ya kurasa nne, na juu yake maagizo kwamba ijazwe kwa wino. Niliijaza vizuri, kwa herufi kubwa, nikaipeleka dirishani. Karani, mama mmoja mwenye miwani, alipitisha kalamu yake mstari kwa mstari, akasimama.

"Dada, hapa umeacha," akasema. "Baba yako. Ako hai ama alikufa?"

"Tulimzika," nikasema.

"Pole. Basi andika."

Alinirudishia fomu. Watu walikuwa wananisukuma kwa nyuma. Nilirudisha kalamu yangu mfukoni, nikamwomba msichana aliyenifuata aniazime penseli, na mbele ya jina la Baba nikaandika: marehemu.